Birika Lipo, Nani Atampeleka Mgonjwa?

Wapendwa wangu wa Mgori, fungueni Injili ya Yohana, sura ya tano. Pale Yerusalemu palikuwa na birika liitwalo Bethzatha, lenye matao matano, na chini ya matao hayo walilala vipofu, viwete na waliopooza. Maji yalipotibuliwa, aliyewahi kuingia kwanza alipona. Miongoni mwao alikuwamo mtu aliyeugua miaka 38. Bwana Yesu alimwuliza kama anataka kuwa mzima. Yule mtu hakujibu ndiyo, wala hakujibu hapana. Alieleza shida yake: hakuwa na yeyote wa kumtia majini, na kila alipojikokota mwenyewe, mwingine alimtangulia.

Kila ninapoisoma habari hii inanichoma mahali palepale. Maji yalikuwapo. Matao yalikuwapo, na wengine walikuwa wakipona mbele ya macho yake. Kilichomlaza pale miaka yote hiyo ni kukosa mtu. Mji mzima ulimpita ukienda sikukuu, ukatoa sadaka, ukaimba, ukarudi nyumbani, na hakuna aliyeinama kumshika mkono. Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka kuwahubiria, na naomba mnisikie hadi mwisho: katika kata yetu ya Mgori, hapa mkoani Singida, watu wanateseka na wanakufa karibu na maji.

Mtu asiseme kwamba mhubiri ameacha neno la Mungu akageuka bwana afya. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na Paulo anamtaja hivyo kwa upendo katika waraka kwa Wakolosai. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa na Mtume wao kutafuta dawa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa asilete na tiba yake. Hapa msikiti na kanisa havina ugomvi. Ugomvi wetu sote ni na mauti yanayokuja kabla ya wakati wake, tena kwa kosa letu.

Birika letu, yaani huduma ya afya, halikuchimbwa jana. Mwalimu Nyerere alilifundisha taifa hili kuwataja maadui kwa majina: ujinga, maradhi na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, chama cha TANU kiliamua mwaka 1971 kwamba fedha za afya zisiendelee kumezwa na hospitali kubwa za mijini, ziende vijijini kwenye zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio, wakajifunza habari za malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Wazee wetu wengine walikuwamo katika vikundi hivyo. Waulizeni wangali hai. Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, mataifa 134 yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, yakatamka kwamba afya ni haki ya kila mtu na kwamba huduma ya msingi ianzie pale watu wanapoishi. Hilo walilolitamka kule, sisi tulikuwa tumekwisha kulianza kwa jembe na redio. Mwaka 2007 Serikali ikaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliojulikana kama MMAM, ukilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya.

Kazi ya kuchimba bado haijaisha. Vipo vitongoji ambako mama hutembea saa nyingi kabla ya kuona paa la zahanati, na mvua za Desemba hadi Aprili zinapojaza makorongo, njia hufungwa kabisa. Hilo nitalirudia, maana wenye dhamana nao wana neno lao la kusikia. Lakini nianze na wewe uliye karibu na zahanati na bado huendi. Wewe ndiwe unayenikosesha usingizi.

Nianze na mama mjamzito. Wataalamu wanafundisha kwamba mama anayekufa kwa uzazi huwa amecheleweshwa mara tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Tazameni huo ucheleweshaji wa kwanza. Hauna barabara mbovu ndani yake, wala gari, wala daktari. Uko nyumbani mwako. Mama ameanza kutoka damu usiku, na watu wamekaa wanamngoja baba arudi kutoka alikokwenda, kwa sababu bila yeye hakuna anayethubutu kutoa uamuzi. Mama mkwe anasema yeye alizaa nyumbani watoto wote na hakufa. Jirani anasema subirini kupambazuke. Kunapambazuka, na maiti ipo.

Wanaume wa Mgori, nawaambia mbele za Mungu: amri ya kumpeleka mkeo usiitoe usiku wa manane. Itoe leo, mchana, mbele ya mashahidi. Mwambie mama yako, mdogo wako na jirani yako kwamba wakati wowote ikitokea dalili ya hatari, wasikungoje. Dalili zenyewe mzijue kwa majina, nanyi wanaume muwe wa kwanza: kutokwa na damu ukeni, kichwa kuuma kupita kiasi na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Hata moja tu ikionekana, safari inaanza.

Na kliniki haingojwi mpaka tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na mtoa huduma si chini ya mara nane katika ujauzito mmoja, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Huko anapimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na VVU, anapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Kifafa cha mimba hakipigi hodi. Mara nyingi hujulikana kwanza kwenye kile kipimo cha shinikizo, mama mwenyewe akiwa anajiona mzima. Dada yangu unayeficha mimba hadi mwezi wa sita ukiogopa macho ya watu, wahenga wamekwisha kukuonya: mficha maradhi kilio humuumbua. Na mimba si aibu wala si ugonjwa, lakini ina njia ya kuua asiyeangaliwa.

Mungu amesikia kilio cha wanawake wa nchi hii, na nina ushahidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika kipindi hichohicho akina mama waliojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hao ni wanawake waliorudi nyumbani na watoto wao, wakapika, wakalima. Nani asiyeweza kusema amina hapo? Lakini asilimia 19 ni nani? Ni mama aliyejifungulia sakafuni, au njiani, au shambani kwenye alizeti. Kanisa linaloshangilia 81 na kuwasahau 19 limemsahau yule mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamfuata mmoja.

Sasa shikeni kalamu, maana hapa nataka neno liandikwe. Namba ni 115. Kuipiga ni bure. Ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura uliojaribiwa kwanza huko Sengerema, mkoani Mwanza, na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2022. Ukipiga, anapokea mtu aliyefundishwa, anakuuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au halipo, anampigia dereva wa kawaida wa maeneo yenu aliyesajiliwa, na dereva huyo analipwa na mpango akishamfikisha mgonjwa. Usafiri huo ni kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua hadi siku 42, na kwa mtoto mchanga hadi siku 28. Mzee aliyezoea kuniambia kwamba hakuwa na nauli, leo sababu hiyo imeondolewa mikononi mwake. Madereva wa Mgori, ninyi wenye magari na bajaji, nendeni mkaulize namna ya kusajiliwa. Kumfikisha mama mwenye uchungu ni ibada kubwa kuliko nyimbo nyingi tunazoimba.

Nije kwa mtoto. Watu wa Singida tunajulikana nchi nzima kwa kuku. Mwanamke wa hapa anajua kwamba kideri kikiingia bandani asubuhi, jioni anafukia. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu anawakamata kuku wake mmoja mmoja, anawadondoshea tone la chanjo jichoni, na tarehe anaikumbuka bila kuandika. Mama huyohuyo ukimwuliza mtoto anadaiwa chanjo gani, anakwenda kutafuta kadi chini ya godoro, na kadi haionekani. Kuku ana thamani, sikatai, ndiye ada ya shule na sabuni. Lakini mtoto ana sura ya Mungu.

Ratiba si ngumu. Anapozaliwa, chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Akifikisha wiki 6, wiki 10 na wiki 14, zile zinazomkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nimonia, pamoja na kuhara. Miezi 9 na tena miezi 18, surua na rubela. Watu wengi hufika miezi 9 wakadhani wamemaliza; ile ya miezi 18 inasahaulika kwa sababu mtoto tayari anakimbia. Kila miezi sita, matone ya vitamini A. Na mabinti zenu wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu. Nimesikia maneno yanayozungushwa kwamba inafunga kizazi. Ni uongo. Anayeueneza atajibu mbele za Mungu kwa kila mwanamke atakayekufa kwa saratani ambayo ingezuilika kwa sindano moja.

Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea, anayepumua haraka na kifua kubonyea, aliyeshikwa na degedege: huyo hangoji mganga, hangoji maombi ya Ijumaa, hangoji gulio lipite. Mwombeeni mkiwa njiani. Mungu anasikia hata mtu akiomba juu ya baiskeli.

Sasa ninafika kwenye neno zito, na wazazi wanisamehe kama litawaumiza. Ni habari ya lawalawa. Kila mtu wa hapa anaijua. Binti mdogo anawashwa, analia akikojoa, anatoka uchafu, anavimba. Bibi anasema ni lawalawa, na dawa yake ni kukata. Mtoto wa miezi michache anakatwa kwa wembe chumbani, kimya kimya, tena wakati mwingine baba mwenyewe hajui. Miaka mingi imepita tangu wembe ulipohamishwa kutoka kwa wasichana wakubwa na ngoma zao ukaenda kwa vichanga wasioweza kusema, kwa sababu sheria haimwoni mtoto aliyefungwa kwenye khanga.

Ndugu zangu, yale mnayoyaita lawalawa ni maambukizi. Ni bakteria au fangasi kwenye njia ya mkojo na ukeni. Yanatibiwa zahanati kwa dawa na usafi. Hakuna hata moja linalotibiwa kwa wembe. Wembe unaongeza jeraha juu ya maambukizi, unaleta kutoka damu na pepopunda, na miaka ishirini baadaye yule mtoto anapozaa, kovu lile linachanika na kumtoa damu upya. Mnajua kwa nini wengine wanadhani kukata kunaponya? Kwa sababu maambukizi mengine hupungua yenyewe, na sifa inapewa wembe. Utafiti wa 2015/16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wa mkoa wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 20. Idadi inapungua, asante Mungu, lakini mmoja kati ya watano bado ni msiba. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamfunga jela anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Nami sina haja ya kuwatisha kwa jela. Nawaomba tu, mtoto akiwashwa, mfungeni mgongoni mumpeleke zahanati. Bibi, wewe unayeheshimiwa katika ukoo, mshike mkamwana wako mkono mwende naye. Neno lako moja lina nguvu kuliko mahubiri yangu yote.

Kuna na hii tabia ya kila homa kuiita malaria. Singida si kama Kigoma au Tabora. Malaria ipo kwetu, lakini ni kidogo kwa kulinganisha. Kwa hiyo mtu wa Mgori anayehisi joto akakimbilia duka la dawa, akanunua dawa mseto bila kupima, mara nyingi anatibu ugonjwa asiokuwa nao, na ule alio nao unaendelea kula. Kipimo cha haraka kinachukua tone moja la damu na dakika zisizofika nusu saa. Kama si malaria, huenda ni nimonia, huenda ni njia ya mkojo, huenda ni taifodi. Muuza duka hana namna ya kukwambia.

Vivyo hivyo kikohozi. Kikizidi wiki mbili, na hasa kama unakonda na kutokwa jasho usiku, peleka makohozi yapimwe. Vijana wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu wakikohoa, msiwaambie wamerogwa, na msiwatenge. Kifua kikuu kinapimwa na kutibiwa bure, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Tena nataka mjue jambo la kuwapa heshima. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alifanya kazi na Watanzania katika zahanati na hospitali za kawaida kama hizi zetu, akionyesha kwamba mgonjwa akimeza dawa huku mtu akimwangalia, atapona hata katika nchi maskini. Dunia nzima ikaiga njia hiyo katika miaka ya 1990. Yaani kilichowaponya mamilioni ya watu katika mabara mengine kilijaribiwa kwenye vifua vya wakulima wa Tanzania, na siri yake kubwa ilikuwa kwamba mgonjwa asiachwe peke yake na vidonge vyake.

Wazee wangu, nanyi msikae kivulini mkisema miguu inavimba kwa sababu ya uzee. Shinikizo la damu na kisukari vina vipimo na vina dawa. Sera ya Afya inawasamehe malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na VVU. Kitambulisho cha msamaha wa mzee kinaanzia kijijini. Mtendaji wa kijiji anayesoma maneno haya, nakuomba: usimsubiri mzee asiyeona vizuri ajikongoje kuja ofisini kwako kuomba jina lake liandikwe. Mfuate.

Lakini wengi hawamo katika msamaha huo, nao wanauliza habari ya fedha. Tangu mwaka 1993 nchi yetu ilipoanza uchangiaji wa gharama, kuugua kumekuwa pia jambo la mfuko. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga katikati ya miaka ya 1990, ukapata sheria yake mwaka 2001, na ulipoboreshwa, kaya ya watu sita vijijini ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Viwango vinavyotumika leo viulizeni ofisi ya kijiji au zahanati, msisikilize vya kilabuni. Nikasirike kidogo hapa kwa ajili ya kanisa langu. Mtu akifa Mgori, kabla ya jua kuzama daftari limefunguliwa, michango imetolewa, sanda, jeneza, mchele, ng'ombe, vyote vimepatikana. Hatujawahi kushindwa kuzika. Mtu huyohuyo mwaka mzima alikuwa anatafuta fedha ndogo kuliko bei ya jeneza lake ili apate bima, na hatukufungua daftari. Hili ni dhambi, nami siwezi kulipunguzia jina. Alizeti inapouzwa, vitunguu vinapopata bei, kabla ya simu mpya na kabla ya pombe, bima ya kaya ikatwe kwanza. Ninyi wa vikoba, ule mfuko wa jamii mnaoutoa kwa msiba, utoeni kwa bima ya mwanachama aliyepungukiwa. Na wazee wa kanisa na viongozi wa msikiti, chagueni kaya zisizo na mtu, mzilipie kimya kimya.

Nilisema nitarudi kwa wenye dhamana, nami narudi. Mganga, muuguzi, mkunga: tunajua mnafanya kazi ya watu watatu, na wengine mnakesha peke yenu kwenye zahanati yenye wodi moja. Mungu anawaona. Lakini mama akitukanwa kwenye chumba cha kujifungulia, habari hiyo inatembea vitongoji vyote, na mwaka unaofuata wanawake kumi watazaa nyumbani. Ukali wako hauishii kwa mmoja. Na anayedai chochote kwa huduma ambayo sera imesema ni bure, anakula damu.

Nanyi wananchi, zahanati ni yenu. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwenu, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kungoja halmashauri igawe. Kamati inapaswa kujua zimeingia ngapi, zimenunua dawa gani, zimebaki ngapi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila miezi mitatu, na kila mwenye miaka 18 ana sauti. Simameni mkaulize. Dawa zimekwisha tangu lini? Oda imepelekwa Bohari ya Dawa lini? Mwakilishi wetu kwenye kamati ni nani, na mara ya mwisho alitupa taarifa lini? Kulalamika njiani tunakuweza sana. Kuuliza mkutanoni tunakuogopa.

Msiniambie hamwezi. Katika miaka ya 1990 msitu wa Mgori, zaidi ya hekta 40,000 za miombo, ulikuwa ukikatwa na kuchomwa ovyo, na mipango ilikuwa uchukuliwe na Serikali uwe hifadhi yake. Vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vikakubali kuulinda vyenyewe. Vilipima mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikachagua kamati, na vijana wakazunguka doria wakiwakamata wachomaji mkaa na wakataji. Wageni walikuja kutoka mbali kujifunza namna wanakijiji wanavyoweza kuwa walinzi wa mali yao. Watu walioweza kuhesabu miti iliyokatwa wanashindwa nini kuhesabu wajawazito wa kitongoji chao? Kamati iliyoweza kumtoza faini mwenye shoka inashindwa nini kumfuata baba aliyemzuia mkewe kwenda kliniki?

Marko anatuambia katika sura ya pili habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipokuta mlango umejaa, hawakurudi nyumbani wakasema tumejaribu. Walipanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha. Nawapenda watu hao kwa sababu hawana majina. Hatujui walikuwa ndugu zake, majirani au wapita njia. Tunajua tu kwamba walikuwa wanne, na kwamba Yesu aliitazama imani yao, imani ya wabebaji, ndipo akasema na mgonjwa.

Basi kila kitongoji cha Mgori kiwe na wanne wake. Mmoja mwenye simu yenye chaji usiku. Mmoja mwenye pikipiki au anayemjua mwenye gari. Mwanamke mmoja wa kumsindikiza mama hadi wodini na kukaa naye. Na mmoja wa kubaki na watoto na kufunga mbuzi. Wachagueni wiki hii, mkiwa Wakristo na Waislamu pamoja, kwa maana uchungu hauulizi dini. Mhudumu wa afya wa kitongoji chenu awajue kwa majina, nao wajue nyumba zenye wajawazito, zenye vichanga, zenye wazee wanaoishi peke yao.

Kabla ya Jumapili ijayo, andika 115 ukutani kwako kwa mkaa, mahali ambapo hata mtoto ataiona. Itafute kadi ya kliniki chini ya godoro uisome tarehe iliyoandikwa. Halafu vuka uwanja wako, mwendee yule jirani ambaye moyo wako tayari umemtaja ulipokuwa ukisoma, na umwambie kwamba kesho asubuhi mnakwenda zahanati pamoja.